Mfupa wa Kukalia

Kila mtu ana mifupa miwili ya kukalia, na wengi wetu tunakwenda kaburini bila kujuana nayo. Mama Plasta alikuwa na dawa ya ujinga huo. Mgonjwa mpya akiingia karakana ya miguu ya bandia, pale nyuma ya hospitali, kabla hata hajavua kile kiatu chake kimoja aliambiwa akae kwenye benchi la mbao, aingize viganja vyote viwili chini ya makalio, atulie. Wengine walicheka, wengine walinuna. Nusu dakika haikwisha kila mmoja alikuwa amekunja uso, kwa sababu kitu kigumu kama kokoto kilikuwa kimeanza kumfinya.

"Huo ndio," Mama Plasta alisema. "Umekaa juu yake miaka hamsini, hujausalimia hata siku moja."

Kwa mtu aliyekatwa mguu juu ya goti, mfupa huo ndio kila kitu. Kigutu hakiwezi kubeba mwili kwa ncha yake. Pale mwisho kuna mfupa uliokatwa kwa msumeno, nyama kidogo, na ngozi, basi. Kwa hiyo soketi, yaani kile kikombe kinachomeza kigutu, huwekewa ukingo kwa juu upande wa nyuma, upana wa kidole gumba. Watu wakimwona mwenye mguu wa bandia anapita barabarani husema anatembea. Kumbe amekaa. Kila hatua anakalia ukingo ule. Ukiwekwa mahali pake, mtu huenda sokoni na kurudi. Ukikosewa kwa vidole viwili, kigutu huzama mpaka chini na ngozi ndiyo inayolipa.

Alama nyingine alizitafuta kwa mikono, huku anazitaja kwa sauti kama mtu anayeita majina darasani: ncha ya mbele ya nyonga, pale mkanda wa suruali unaposhikilia, nundu ya nje juu ya paja, ile inayouma ukilalia ubavu sakafuni, na mfupa wa kinena, ambao adabu inakataza kuutaja, lakini soketi haina adabu. Kila alama aliitia rangi kwa penseli ya zambarau, ile ambayo ikilowa haifutiki. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na sita. Vumbi jeupe la plasta lilikuwa limemwingia kwenye viwiko likakataa kutoka, hata harusini alionekana nalo, na ndiyo maana hata waliojua jina lake walikuwa wameshalisahau.

Basi mwaka huo wa kumi na sita sukari ikamla mguu baba mkwe wake.

Ilianza na kidole gumba kilichochubuliwa na kiatu. Mzee alikificha wiki tano. Alipokuja kukionyesha, kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na madaktari wakakata kidole, wakakata wayo, mwishowe wakakata paja juu sana, pakabaki viganja viwili tu chini ya nyonga. Katika yote hayo hakuna aliyemsikia akisema "inauma." Mzee huyu watu walimwita Mizani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa vipimo, mtu wa kuingia dukani na sanduku la mawe ya shaba, kuyaweka juu ya mizani ya mwenye duka, na kuinama akitazama sindano. Mizani iliyoiba gramu ishirini aliifunga kwa waya na muhuri wa risasi siku hiyohiyo. Aliwahi kulifunga hata duka la ndugu yake wa tumbo moja, na sikukuu iliyofuata akaenda kumsalimia kama kawaida, akashangaa kwa nini hakaribishwi chai.

Mtu wa namna hiyo akisema neno, linabaki limesemwa. Miaka tisa nyuma, mwanawe wa pekee alipopeleka habari kwamba anataka kuoa, Mzee Mizani aliuliza binti anafanya kazi gani. Alipoambiwa, akasema mbele ya shangazi na wajomba:

"Kwa hiyo mke wa mwanangu atashinda akishika mapaja ya wanaume, na jioni anipakulie chakula kwa mikono hiyohiyo?"

Neno halina miguu lakini hutembea. Wiki haikwisha lilikuwa limemfikia Mama Plasta, tena na chumvi imeongezwa. Aliolewa hivyohivyo. Miaka tisa mkwe na mkwe walisalimiana kwa adabu ya juu kabisa, shikamoo na marahaba, hali na majibu ya hali, lakini mzee hakuwahi kuinua kijiko nyumbani kwa mwanawe bila kwanza kumuuliza mke wake mwenyewe, polepole, nani kapakua. Mama Plasta alikuwa anasikia. Alitabasamu, na ilimuuma kila mara.

Mtauliza, kwani karakana nzima ilikuwa na fundi mmoja? Ndiyo. Mwenzake mwanamume alikuwa amepata kazi nzuri zaidi kwingine, na nafasi yake ilikuwa "inashughulikiwa" mwaka wa pili sasa. Aliyebaki ni fundi wa viatu, mzee wa miwani ya kamba, hodari wa ngozi za ng'ombe lakini si za watu. Karakana nyingine ilikuwa safari ya siku nzima, na orodha yake ilikuwa ya miezi minane. Na kigutu hakisubiri. Mzee alishinda kwenye kiti cha magurudumu, paja limekunjwa, na nyonga ikikunjwa mchana kutwa hukakamaa mbele. Ikishakakamaa, hakuna mguu duniani utakaomfaa mgonjwa.

"Bora nitambae," Mzee Mizani alisema familia ilipokaa kulizungumza.

"Utambae uende wapi?" mama mkwe aliuliza. "Chooni penyewe nakubeba mimi, na mgongo wangu ndio huu."

Aliyepata jawabu ni mume. Alikuwa fundi wa mafriji, na watu walimwita Baridi, nusu kwa kazi yake na nusu kwa tabia yake, maana hata nyumba ikiungua angeuliza kwanza ndoo iko wapi, tena taratibu. "Mke wangu," alisema, "nifundishe. Mikono iwe yangu, akili iwe yako. Baba kuguswa na mtoto wake si aibu."

Ikawa hivyo. Jioni nne mfululizo, vyombo vikishaondolewa mezani, Baridi alikalia viganja vyake mwenyewe na kukunja uso. Kisha alizitafuta alama zote kwa mkewe, amefumba macho, na mkewe akimpiga kofi la mkono alipokosea. Walicheka sana. Jioni ya nne hakukosea hata moja. Mtu akiwa kwa mkewe ana ujasiri wa simba, na hapo ndipo walipojidanganya wote wawili.

Siku ya kupima, Mama Plasta alitundika pazia la kijani kati ya meza yake na vile vyuma viwili ambavyo wagonjwa hushikilia. Upande wa pili mzee alisimama kwa mguu mmoja, kaptura imekunjwa, kigutu kimevalishwa soksi nyembamba ya pamba iliyolowa. Upande huu mkwe wake alikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu na bandeji za plasta.

"Ncha ya mbele ya nyonga," alisema kwenye pazia.

"Nimepata."

"Weka alama. Nundu ya nje?"

"Nimepata."

"Kinena."

Kimya. Mtu akakohoa, haikujulikana baba au mwana. "Nimepata."

"Sasa mfupa wa kukalia. Kiganja kitazame juu, kipite chini ya tako, halafu mwambie baba akalie mkono wako kama anakalia kigoda."

Safari hii kimya kilikuwa kirefu. Mama Plasta alisikia vyuma vikilia kidogo, mzee amevikaza. Alisikia pumzi ya mumewe.

"Umepata?"

"Nimepata," Baridi alisema harakaharaka.

Sasa, Baridi hakuwa mtu wa kusema kitu harakaharaka. Mke wake alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kulikuwa na swali moja tu la kuuliza, lile analomuuliza kila mwanafunzi: kinachokugusa ni kigumu au laini? Hakuliuliza. Alipitisha bandeji iliyolowa chini ya pazia, akaelekeza namna ya kuzungusha, akasema, "Shikilia, usitoe mkono mpaka nikwambie," na ndani ya moyo wake akashukuru kwamba mambo yanakwisha.

Ukungu, yaani lile ganda la plasta lililochukua umbo la kigutu, ulipokauka aliupeleka dirishani. Alama za zambarau zilikuwa zimehamia ndani, kama inavyotakiwa. Tatu zilikuwa mahali pake. Ya nne ilikuwa chini mno, imekwenda nje vidole viwili, na pale ambapo mkono ulipaswa kuukuta mfupa, plasta ilikuwa laini, imejaa, ya mviringo. Mkono wa Baridi ulikuwa umeshika nyama. Mfupa haukuguswa kabisa.

Alijua. Hili nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulisema wazi. Aliushika ule ukungu muda mrefu akifikiri. Angeweza kuwaita tena, lakini ingebidi amwambie mzee kwamba mwanawe ameona haya, na kwamba mkono uliobaki ni huu wake yeye mkwe. Jibu la mzee alikuwa nalo tayari. Alikaa nalo miaka tisa. Au angeweza kukisia. Mafunzo ya miaka kumi na sita, miguu mingi kuliko anayoweza kuikumbuka, jicho lililozoea! Alimimina plasta ndani ya ukungu, akatoa umbo la kigutu, akachukua tupa, akachonga ukingo pale ambapo mfupa ungepaswa kuwa. Alijiambia anamheshimu mzee. Ukweli ni kwamba alimwogopa, na woga ukivaa nguo za heshima hata mwenyewe huwezi kuutambua.

Mguu ulipendeza, ukitazamwa mezani. Siku ya kuuvaa mzee alikuwa na suruali ndefu iliyopigwa pasi, kwa hiyo pazia halikuhitajika.

"Baba, umekaa vizuri? Kuna mahali panabana?"

"Iko sawa."

"Mfupa umekaa kwenye ukingo?"

"Nimesema iko sawa, mkwe."

Akatembea kati ya vyuma, kisha nje ya vyuma na fimbo. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wa jengo la pili wakachungulia. Baridi alilia bila kujificha. Wiki tatu nzima Mzee Mizani alikwenda mwenyewe dukani kununua gazeti, na njiani alisimama kwa muuza nyanya kutazama mizani yake, ingawa alikuwa amestaafu zamani na hakuna aliyemtuma.

Halafu mama mkwe akapiga simu. "Mwanangu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyejifungia, "kuna soksi nimeifua mara tatu, damu haitoki. Nikainua godoro. Ziko tano."

Kidonda kilikuwa kwenye ncha ya kigutu, upana wa kisoda. Daktari wa upasuaji hakuzungusha maneno. Mwenye sukari akipata kidonda pale, kuna mawili: kifunge, au wakate tena. Na wakikata tena hakuna paja la kukata. Wangeutoa mguu kwenye kiungo cha nyonga chenyewe, na hapo mzee asingevaa mguu maisha yake yote. "Tunampa wiki sita," alisema. "Na akipona, mguu unaofuata usikosewe. Nafasi ni moja tu."

Jioni ile Mama Plasta alimkuta mumewe jikoni anaosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

"Niambie ukweli," alisema. "Siku ile ulishika nini?"

Baridi aliendelea kuosha. "Nilipopeleka mkono, baba alitetemeka," alisema mwishowe. "Mke wangu, yule ni baba yangu. Sijawahi kumwona akitetemeka. Nikarudisha mkono chini kidogo, nikasema nimepata. Niliona bora uongo kuliko kumwona vile."

Mama Plasta alikuwa amejiandaa kumgombeza mpaka majirani wasikie. Alishindwa. "Na mimi niliona kwenye plasta," alisema. "Niliona, nikachonga kwa kukisia. Tumemuumiza wote wawili." Wakasimama pale, bomba linatiririka, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Majuto ni mjukuu, lakini kuna majuto mengine hayangoji kuzeeka.

Asubuhi Mama Plasta alikwenda wodini alikolazwa mzee. Baridi alisema atakuja naye, akamkataza. Mzee Mizani alikuwa amelala kifudifudi, maana hivyo ndivyo wanavyolazwa wenye vigutu ili nyonga isikakamae, uso umegeukia ukutani. Ilikuwa nafuu kwa wote wawili. Mama Plasta alivuta kiti, akasema shikamoo, akaitikiwa, kisha akaeleza yote bila kupumzika: mkono uliorudishwa, plasta iliyokuwa laini, tupa. Alipomaliza alikuwa anatoka jasho.

"Mimi nilimfungia ndugu yangu duka kwa gramu ishirini," mzee aliuambia ukuta.

"Najua, baba."

"Mmoja alipima vibaya. Mwingine aliona kipimo ni kibovu akakipitisha. Ungekuwa wewe mkaguzi, ungemfungia nani?"

"Mwenye kukipitisha," alisema. "Mimi."

Muuguzi alipita na toroli lake la dawa, magurudumu yakilalamika, akatoka mlango wa pili. "Nenda kapumzike," mzee alisema baadaye. Hakusema amesamehe wala hajasamehe, na Mama Plasta alirudi karakana hajui kama bado ana mkwe.

Wiki sita zikawa saba. Kidonda kilijifunga, ngozi mpya nyekundu, nyembamba. Habari hizo alizipata kwa mama mkwe. Mwenyewe hakuitwa wala hakwenda. Ilizungumzwa habari ya kumpeleka mzee kwenye ile karakana ya mbali, na jina lake likaandikwa kwenye orodha ya miezi minane. Baridi alihesabu miezi kwa vidole. Nyonga ya baba yake ilikuwa imeshaanza kukaza. Akilala kifudifudi, kigutu hakigusi godoro. Nyonga isingengoja miezi minane.

Jumatano moja benchi lilikuwa limejaa. Mama Plasta alikuwa ameinamia meza anaandika, akaita bila kutazama, "Kumi na nne." Akasikia magongo. Alipoinua kichwa, aliyesimama mbele yake na kikaratasi cha namba kati ya vidole ni Mzee Mizani, amevaa kaptura, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Baba! Shikamoo. Mwanao yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kazini. Sikumwambia."

"Na mama?"

"Nimemwambia nakwenda kunyolewa."

Fundi wa viatu, kwenye kona yake, alitazama kichwa cha mzee, ambacho hakikuwa na unywele hata mmoja wa kunyoa, akarudi haraka kwenye kiatu chake.

Mama Plasta alichukua simu. "Ngoja nimpigie aje. Nitatundika pazia."

"Usimpigie."

"Baba, mimi siwezi..."

"Sikiliza," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kuingia madukani. "Baba mkwe wako nimemwacha nyumbani. Aliyekuja hapa ni namba kumi na nne. Namba kumi na tatu umemfanyia nini?"

"Nimempima."

"Umempima kwa mikono ya nani?"

"Yangu."

"Basi."

Akajisogeza mpaka kwenye benchi, akaweka magongo ukutani, na bila kuambiwa akaingiza viganja vyake chini ya makalio. Alikaa hivyo kitambo, macho mbele, huku wagonjwa wengine wakimwangalia. Kisha uso ukamkunjamana. "Kumbe ndio huu," alisema.

Wakaingia ndani, kwenye vile vyuma. Pazia la kijani lilikuwa limekunjwa kabatini na lilibaki huko; mlango tu ndio uliofungwa. Mama Plasta alinawa mikono mara mbili. Alimvalisha soksi, akailowesha, akatafuta ncha ya mbele ya nyonga, nundu ya nje, akatia alama. Kinena alikitafuta akitazama dari, mzee naye akitazama dari, na kama kungekuwa na kitu cha maana darini pale wangekijua vizuri. Kisha akapiga magoti nyuma ya mzee. Aliona haya, na alimwonea mzee huruma, na alikuwa bado na hasira kidogo ya miaka tisa. Yote yalikuwa pamoja na hakuna lililomwachia nafasi mwenzake.

"Baba, nakalisha mkono. Ukiusikia, kaa."

Mzee alitetemeka, kama Baridi alivyosema. Mkono haukurudi. Ulipanda, ukapita nyama, ukaukuta mfupa, mgumu, wa mviringo, mahali ambapo kukisia kusingeweza kufika, kwa sababu nyonga ya mzee ilikuwa na mwinamo wake ambao hata mkewe hakuujua.

"Kaa, baba. Kaa kabisa. Uzito wote."

Akakaa.

Mkono mwingine ukazungusha bandeji. Kuanzia hapo kuna dakika nne ambazo hakuna mtu anayeruhusiwa kusogea. Plasta inapata joto, inakaza, na mkono wa fundi ukicheza hata kidogo kazi yote ni bure. Mama Plasta hakuweza kuondoka, na mzee, akiwa amekalia mkono wa mkwe wake, hakuweza kwenda popote.

"Nilisema neno juu ya mikono hii," mzee alisema.

"Nililisikia."

"Najua ulilisikia. Nilitaka ulisikie." Akavuta pumzi. "Nimekagua vitu vingi maishani. Mikono yako niliipima bila kuitazama. Nisamehe, mwanangu."

Hakumwita mkwe. Machozi yalimshuka Mama Plasta bila mkono wa kuyafutia. Aliyaacha. "Usitikisike, baba," ndilo alilopata kusema. "Bado dakika mbili."

Ukungu huu ulipotoka aliupeleka dirishani. Ndani yake, kwenye plasta nyeupe, kulikuwa na shimo dogo la mviringo, na alama ya zambarau katikati yake.

Siku tisa baadaye mguu ulikuwa tayari kujaribiwa. Safari hii walikuja wote. Mama mkwe alikuwa ameshajua habari ya kunyolewa na alikuwa bado anaitumia kumtania mumewe. Baridi alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Mzee alisimama kati ya vyuma, akashusha uzito, akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Mgongo ulikuwa wima. Mama mkwe alishaanza kuvuta pumzi ya vigelegele.

Mama Plasta alimwashiria angoje. Alikuwa hatazami mguu. Alikuwa anatazama uso wa mzee. "Baba, kuna mahali panabana?"

"Iko sa..." mzee alianza, kwa mazoea ya miaka sabini na mbili.

Akalimeza neno. Chumba kizima kilikuwa kinamsubiri. Alimtazama mwanawe, akamtazama mkewe aliyefua soksi zile. Kisha akaachia chuma kimoja, akaushika mkono wa Mama Plasta, ukiwa na vumbi lake lote, akaupeleka mwenyewe mpaka juu ya soketi, upande wa ndani, karibu na kinena, akaubana pale.

"Hapa," alisema. "Inauma hapa. Tena inauma sana."

Baridi alifunika uso. Mama Plasta alitabasamu, na safari hii haikumuuma.

"Asante, baba," alisema. "Kaa kwenye benchi kidogo nipunguze." Akaenda kuchukua tupa.